Kinywaji Kilichoitwa Mwandishi

Kitabu changu cha kwanza hakina dibaji. Wasomaji kadhaa wameniuliza sababu, maana kwetu mwandishi asiyejulikana akitoka bila maneno ya mkubwa mbele yake huonekana kama mgeni aliyeingia ndani bila kupiga hodi. Huwa najibu kwamba dibaji ilichelewa. Si uongo, ila habari yenyewe si hiyo. Habari yenyewe inanuka pombe kali ya jin iliyochanganywa na chai ya moto, na mpaka leo harufu ya jin ikinipitia puani, hata ikiwa kwenye glasi ya mtu mwingine harusini, mate hunijaa mdomoni na ninatafuta mlango.

Miaka ile nilikuwa Guangzhou nikisoma shahada ya pili kwa ufadhili. Ufadhili ulilipa ada na chumba; sabuni, nauli na kusuka nilijitafutia mwenyewe kwa kuwatafsiria wafanyabiashara wetu pale mtaa wa Xiaobei. Ilikuwa miaka ya neema. Watu wa Mwanza, Arusha na Mbeya walishuka na mabegi matupu, wakapanda ghorofa hii na kushuka ile kutafuta simu, viatu na mawigi, wakaondoka na makontena. Maneno ya kwanza waliyojifunza yalikuwa ya sokoni: laoban, yaani bosi, tai gui, ghali mno, na bu yao, sitaki, ambalo ndilo lililowasaidia kuliko yote. Mimi nilijua mengi zaidi, na kwa hayo niliishi.

Muda uliobaki nilikuwa naandika. Nilikuwa na muswada wa hadithi fupi niliouhangaikia tangu nikiwa Muheza nafundisha sekondari. Mchapishaji mmoja nyumbani aliusoma, akaniambia bila kuzunguka: hadithi ni nzuri, jina lako halimwambii mtu kitu, niletee dibaji ya Mzee nami nachapa.

Mzee alikuwa mwandishi wetu. Kila aliyepita darasani kwetu alimsoma, na mimi mwenyewe nilikuwa nimewachapa watoto wa watu kwa kushindwa kueleza dhamira katika riwaya zake. Kwa hiyo ziliponifikia habari kwamba yumo kwenye msafara wa waandishi wanaozungushwa China, na kwamba atapitia Guangzhou, sikulala vizuri. Nilitoa nakala ya muswada, nikaitia kwenye bahasha safi, nikaenda kumwomba Mwenyekiti aniweke karibu naye.

Mwenyekiti alikuwa mwenyekiti wa umoja wetu pale mjini. Biashara yake ilikuwa suruali za jinzi, na maisha yake yote yalikuwa Xintang, kwenye karakana ambako hata maji ya mtaroni yalikuwa ya buluu. Aliamua kwamba Mzee atakula chakula cha mchana pamoja nasi Jumapili, watu wanne tu: Mzee, yeye, mimi wa kutafsiri, na Mama.

Mama, ndivyo sote tulivyomwita, alikuwa na mgahawa ghorofa ya tatu kwenye jengo la biashara pale Huanshi Zhonglu, nyuma ya maduka ya mawigi. Alipika ndizi, pilau na mchemsho, na aliuza bia. Mtu wa mlimani, mwenye sauti ya kuvusha bonde. Alitaka mlo ule uwe kwake, lakini Mzee alisema amechoka kula chakula cha nyumbani ugenini, anataka kula kama wenyeji. Tukaenda mgahawa wa Wachina uliokuwa jirani. Mama alikuja akiwa amenuna.

Sasa lazima nieleze jambo moja. Guangzhou mtu haanzi kula kabla hajaosha vyombo vyake mwenyewe pale mezani, hata kama jikoni vimeoshwa. Birika la kwanza la chai si la kunywa. Unaimimina kwenye kibakuli chako, unazungusha kikombe humo, unasuuza kijiko na vijiti, kisha unaimwaga yote kwenye bakuli kubwa lililowekwa katikati kwa kazi hiyo tu. Mhudumu anakuja analiondoa. Mgeni hahitaji wiki kulijua hilo.

Mzee alikuwa na siku moja tu mjini. Na wakati sisi tunaosha, yeye alikuwa nje anamalizia sigara.

Nakumbuka kila kitu kilichoingia kwenye bakuli lile, natamani nisingekumbuka. Mama, aliyekuwa bado amenuna, alijikuna kichwa chini ya wigi kwa ncha ya kijiti, kisha akakisuuza. Akaosha na vyombo vya Mzee kwa heshima, na kwenye kikombe chake kulikuwa na jani la kitunguu lililokaukia, likang'oka, likaelea. Mwenyekiti alikuwa ametoka Xintang moja kwa moja. Asubuhi nzima alikuwa akisugua jinzi kwa kidole gumba kilicholowana, ndivyo wanunuzi wanavyopima kama rangi inatoka, na siku ile rangi ilikuwa inatoka hasa. Vidole vyake vilikuwa buluu hadi ndani ya kucha. Alivitia vyote kumi kwenye bakuli, akavichezesha, akavifuta kwa kitambaa cha meza. Chai ikabaki na kijimstari cha buluu kandokando, na juu yake macho ya mafuta.

Mzee akaingia. Tukasimama, shikamoo tena, akaketi. Akatoa kwenye begi chupa ya jin aliyoinunua uwanja wa ndege, akauliza kama tunaruhusiwa. Nikamwambia hapa mtu anakuja na chupa yake bila shida. Akafungua, akatazama mezani akitafuta cha kuchanganyia, na macho yake yakatua kwenye bakuli kubwa lililokuwa linafuka moshi mbele yake.

"Ahaa," akasema. "Wamekwishatuandalia."

Akamimina jin humo, bila ubahili. Akachukua kipande cha limau kilicholetwa kwa ajili ya samaki, akakikamulia juu. Akainua bakuli kwa mikono miwili.

"Mzee, samahani, hayo..." nilianza.

Kiatu cha Mama kilinipata kwenye muundi mpaka nikajiuma ulimi. "Mwache mzee anywe," Mwenyekiti akasema huku akitabasamu kwa meno yote. Mama akaninong'oneza, "Unataka kumwaibisha mtu mzima mbele ya Wachina?"

Mzee akanywa funda la kwanza, akanywa la pili. Mhudumu, msichana wa makamo yangu, alifika kuondoa bakuli, akaganda. Mzee akalifunika kwa kiganja, kumaanisha bado anakunywa. Msichana akanigeukia mimi, kwa kuwa ndimi niliyeagiza chakula kwa lugha yake.

"Dada, yale ni maji ya kuoshea," akaniambia kwa Kichina. "Anajua?"

Nikajifanya nasoma orodha ya vyakula. Alikimbia jikoni, mkono mdomoni, na baada ya muda mfupi vichwa vitatu vilikuwa vimechomoza mlangoni vikitutazama. Nilitamani sakafu inimeze.

Ndipo nikamwona Mzee akiangalia meza ya jirani. Palikuwa na familia, baba na mama na bibi, na bibi alikuwa akisuuza vikombe vya wajukuu. Mzee alimtazama bibi yule kwa muda. Nikadhani anaokota jambo la kuandika, na hata nikaona fahari kuketi karibu na mtu mwenye jicho lile.

Akafuta midomo. Akasema, "Kwetu mlimani mkubwa hanywi peke yake." Akampa bakuli Mwenyekiti.

Watu wa mlimani wataelewa mara moja. Kwao kata ya mbege, pombe yao ya ndizi, huonjwa na anayeitoa, mbele ya macho ya watu, kuonyesha kwamba haina kitu, kisha hupita mkono kwa mkono. Ukiikataa baada ya mkubwa kuonja, umesema hadharani kwamba unamdhania sumu. Mama na Mwenyekiti walikuwa watu wa mlima ule ule. Mwenyekiti akanywa rangi ya kucha zake mwenyewe, akasema "Ahsante, Mzee." Mama akanywa macho makavu, akashusha pumzi. Likaja kwangu. Bahasha yangu ilikuwa magotini na Mzee alikuwa ananitazama usoni.

Nikanywa. Yalikuwa vuguvugu. Jin ilitangulia kuchoma, nyuma yake ikafuata ladha ya bomba la jikoni, mafuta ya jana, na kitu kama pamba mbichi. Jani la kitunguu lilinigusa mdomo wa juu. Nilimeza, nikaomba radhi, nikaenda msalani nikatapika mpaka machozi yakatoka. Niliporudi Mzee alikuwa anachagua samaki.

Alipokea bahasha yangu akiwa na uso wa ukarimu. "Nitaisoma, binti. Dibaji utapata."

Ningelimaliza jambo hili kwa kulisahau kama Mama angeniachia. Lakini Mama alikuwa mfanyabiashara, na siku ile alikuwa amekaa meza moja na mtu ambaye sura yake iko kwenye vitabu vya shule. Mwezi haukupita, nikaingia kwake nikakuta karatasi mpya ya vinywaji imebandikwa ukutani, na juu kabisa: MWANDISHI. Jin, chai nyeusi baridi, limau, sukari, na mwisho kabisa tone moja la rangi ya buluu ya keki linaloshuka taratibu ndani ya glasi.

"Wino," Mama alieleza. "Mzee alikuwa anaandika hapa sura ya mwisho ya kitabu, kalamu ikadondosha wino kwenye jin yake, akanywa hivyo hivyo, akasema haijapata kutokea tamu kama hii."

"Mama. Aliandika lini hapa? Ile ilikuwa rangi ya jinzi."

"Na mimi nimesema ilikuwa rangi gani?"

"Na lile bakuli unajua lilikuwa la nini."

"Wewe mtoto, mimi nashinda nikiosha vyombo tangu alfajiri, utanifundisha maji ya vyombo?" Akapanguza kaunta. "Ninayouza mimi ni masafi. Waliokunywa machafu ni sisi, na sisi tumenyamaza. Basi nyamaza vizuri."

Kinywaji kikashika. Vijana wa Nairobi wakawa wanapiga kelele, "Mathe, leta Mwandishi mbili, na usibanie!" Mkongo mmoja muuza vitambaa hakuondoka bila kusema "Mama, encore," yaani ongeza. Watu ambao hawakuwahi kumaliza ukurasa mmoja wa Mzee walikinywa na kutikisa kichwa kama wamesoma. Na mimi nilikuwa nikila ndizi zangu kwenye kona, naangalia lile tone la buluu likishuka. Nilichukia glasi, nilichukia karatasi ya ukutani, na zaidi nilichukia vile watu walivyosimuliana ule uongo kwa sauti ya ibada.

Dibaji haikuja. Nilimpigia Mzee simu kwa kadi za kukwangua. Mara mkono unamsumbua. Mara amefika katikati. Mara, "Binti, kitu kizuri hakiharakishwi." Mchapishaji akaniandikia kwamba ana miswada mingine kwenye foleni na hatanisubiri milele. Nilimtetea Mzee. Nilisema ni mtu mzima, ana mambo mengi. Nilikuwa na huruma naye kweli, maana kila nilipomkumbuka nilimwona ameshika lile bakuli kwa mikono miwili, hajui, na sisi wote tunajua.

Mwaka uliofuata akarudi, safari hii amealikwa kutoa mihadhara. Mama akafunga mgahawa kwa wateja wa kawaida, akapamba, akamwita awe mgeni rasmi wa kinywaji chake mwenyewe. Watu walijaa. Mzee alipewa glasi, akaiinua juu kwenye mwanga, akatazama tone likishuka, akaombwa asimulie.

Akasimulia! Kalamu, wino, sura ya mwisho, vyote alivipokea kama vyake. Kisha akaongeza vya kwake: kwamba Wachina wa zamani walikuwa na bakuli la udugu lililozunguka mezani, kwamba yeye aliwakumbusha wenyewe mila waliyoisahau, kwamba wahudumu walitoka jikoni kushuhudia wakiwa wamefunika midomo kwa mshangao. Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti alipiga kuliko wote. Nilitazama kile kinywa kikizungumza na nikaona kinyaa, lakini bado nikajiambia: maskini, hajui. Angejua angekufa kwa aibu.

Alipokuwa anaondoka alinishika bega. "Binti, kesho asubuhi njoo tunywe chai. Dibaji ninayo."

Nilifika mapema. Ulikuwa mgahawa wa chai ya asubuhi karibu na hoteli yake, ule wa vikapu vya mianzi vinavyopitishwa kwa kigari, umejaa wazee wa Kichina na magazeti yao. Tukaketi. Birika likaletwa, na bakuli kubwa likawekwa katikati. Nilinyoosha mkono nimwoshee vyombo, kama Mama alivyofanya.

Mzee akanitangulia. Alimimina chai kwenye kibakuli, akalaza kikombe humo akakizungusha kwa ncha za vidole, akasuuza kijiko, akapitisha vijiti vyote viwili kwa pamoja, akamwaga, akakung'uta. Alifanya upesi, bila kuangalia, kama mtu aliyezaliwa mtaa ule. Kisha akalisukuma bakuli kubwa mbali naye kwa mgongo wa mkono.

Nilimkodolea macho. "Mzee, umejifunza lini?"

"Nini?"

"Kuosha."

Akacheka kidogo. "Siku ile ile, mwanangu. Yule bibi wa meza ya pili. Nikamwona anasuuza vikombe vya watoto na kumwaga kwenye bakuli kama langu."

"Ulikuwa umeshakunywa."

"Mafunda mawili."

"Ukatupitishia."

"Ulitaka nifanyeje?" Aliuliza bila hasira, kama mwalimu mwenye mwanafunzi mzito. "Nitapike mezani? Nyote mlikuwa mnajua. Niliwaona usoni. Mlikaa mkinitazama nikinywa uchafu na hakuna aliyesema. Basi nikasema, heshima hiyo tuinywe wote."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi nilianza kusema. Nilitaka kumwonyesha muundi wangu. Lakini nilikuwa nakumbuka jani la kitunguu, na Mama akishusha pumzi, na mwaka mzima niliomwonea huruma. Sijawahi kuchukizwa na mtu kiasi kile. Yale maji yalikuwa machafu kwa bahati mbaya tu, yeye alituchagulia.

Akatoa karatasi kwenye mfuko wa ndani wa koti, akainyoosha juu ya meza, akanisomea. Ilikuwa dibaji nzuri. Siwezi kusema vinginevyo. Mkono wake ulikuwa ule ule niliousoma tangu utotoni, sentensi zimetulia. Alisema mwandishi huyu chipukizi hamung'unyi maneno. Alisema kalamu yake haimwogopi mkubwa wala mdogo.

"Imekaaje?"

"Imekaa vizuri, Mzee."

"Naweza kuitia sahihi sasa hivi." Akafungua kalamu. "Jambo moja tu. Nyinyi waandishi mna tabia ya kutia kila kitu kwenye hadithi. Lile la bakuli usije ukaliandika. Watu wameshapata hadithi yao, wanaifurahia, na yule mama anakula kwayo. Tumeelewana?"

Kalamu ilikuwa juu ya karatasi. Niliwaza Muheza, na mchapishaji, na jina langu kwenye jalada. Yote yalikuwa pale mezani, umbali wa sahihi moja, na nilichotakiwa kukifanya ni kumeza tena. Mara ya pili ingekuwa rahisi zaidi. Hata haikuwa na ladha.

Nikamwaga maji ya vyombo vyangu kwenye bakuli kubwa. Nikasuuza na vijiti, polepole. Kisha nikalishika bakuli kwa mikono miwili, jinsi inavyopasa, nikamwekea mbele yake, juu ya dibaji.

"Onja wewe kwanza, Mzee," nikasema. "Halafu nipe, nami nitakunywa."

Alilitazama. Lilikuwa linafuka moshi. Wazee wa meza ya jirani waliacha magazeti wakatugeukia. Kwa muda nilidhani atacheka, na kama angecheka pengine ningecheka naye, na kitabu kingetoka mwaka ule.

Akafunga kalamu. Akaivuta karatasi chini ya bakuli, akaikunja, akairudisha mfukoni, ingawa kona moja ilikuwa imelowa. Kisha akainua mkono akamwita mhudumu, akaonyesha bakuli kwa kidole, akamwambia kwa Kichina cha wachuuzi wa Xiaobei:

"Bu yao."